Mzunguko wa Jumamosi

Barua pepe ilifika Jumanne wakati wa chai ya saa nne, na kabla Mwalimu Ogoti hajafika katikati ya kuisoma, Chepkirui alijua kwamba yamemfika. Wenzake wa klabu ya redio walikuwa wanagongana mabega kwa furaha. Kwao hiyo ilikuwa barua ya heri, na kweli ilikuwa ya heri kwa mtu mwenye dhamiri safi.

Waratibu wa mtandao wa wanafunzi wanaosikiliza jua, watu wa mbali wasioweza kukuonyesha Sigowet iko wapi hata ukiwapa ramani na mchana kutwa, waliandika kwa adabu nyingi. Walikuwa wamepokea grafu ya Jumamosi. Ishara ilikuwa na nguvu, ya dakika kumi na saba nzima. Vituo vingine vilivyokuwa na mchana saa hiyo ama vilizimwa kwa sababu ya radi ama havijatuma kitu. Kwa hiyo, kabla hawajaiandika kuwa mlipuko wa jua, waliomba picha ya ukurasa wa daftari la zamu, ile sehemu inayotaja mashine zilizokuwa zikifanya kazi karibu. Mwisho ni Ijumaa saa nne asubuhi.

Mwalimu Ogoti alisema hiyo si kazi. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, basi angepiga picha na kutuma wazazi wakiwa papo hapo. Chepkirui aliitikia kwa kichwa pamoja na wengine. Chai aliyoishika ikapoa mkononi.

Tuelewane kwanza kuhusu hiyo redio. Ilikuwa kisanduku kidogo kilichounganishwa na nyaya za shaba zilizotundikwa kwenye nguzo za mkaratusi nyuma ya maabara, pamoja na kompyuta kuukuu ya kuchora mstari. Jua likitulia, mstari ulilala. Jua likilipuka, mstari ulipanda, na kwenye hedifoni ukasikia sauti kama ya mahindi makavu yakimiminwa juu ya turubali. Shida ni kwamba redio haina ubaguzi. Inapokea jua, inapokea radi ya Kericho ambayo haijawahi kuchelewa kazini, na inapokea cheche za mashine yoyote ya jirani, na zote zinapandisha mstari. Ndiyo maana Mwalimu Ogoti aliweka sheria moja isiyochezewa. Zamu ni ya watu wawili. Mmoja anakaa na hedifoni, na mstari ukianza kupanda tu, mwenzake anatoka mbio kuzunguka uzio wote wa shule, macho na masikio wazi, kuona nani amewasha nini. Anaandika saa, anaandika mashine, anatia sahihi. Ukurasa usio na mzunguko, alizoea kusema, ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kwenye ukurasa wa Jumamosi, safu ya mashine ilikuwa na neno moja: Hakuna. Mwandiko ulikuwa wa Chepkirui. Sahihi ilikuwa ya Dolphine, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Na wote wawili hawakuwa wamezunguka.

Ilikuwa hivi. Jumamosi Mwalimu Ogoti haji shuleni, kwa kuwa yeye ni Msabato, tena karani wa kanisa, na zamu hubaki kwa wasichana wenyewe. Siku hiyo Dolphine alichelewa. Kwao walikuwa wanachuma chai, na mama yake hakumwachilia mpaka kikapu kijae. Saa nne na dakika kumi na nne, Chepkirui akiwa peke yake, mstari ukapanda. Ulipanda ukagonga juu ya skrini, ukashuka kidogo, ukapanda tena, na masikio yake yakajaa yale mahindi. Miezi mitano alikuwa amekaa kwenye kile kiti akitazama mstari uliolala. Angeinuka vipi? Alijiambia atazunguka ukitulia. Ulipotulia, saa nne na dakika thelathini na moja, alijiambia ya nini tena. Mashine ya kuogopwa pale ni moja, ya Momanyi fundi wa kuchomelea vyuma, na Momanyi ni mzee wa kanisa lilelile la Mwalimu. Jumamosi karakana yake hufungwa kufuli, hata ukienda umebeba jembe lililovunjika na machozi juu yake. Akaandika Hakuna. Dolphine alipofika akihema, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, Chepkirui alimsukumia daftari, naye akatia sahihi bila kuuliza.

Grafu ikatumwa, na kijiji kikalivalia njuga jambo hilo. Madam Janeffer, mkuu wa shule, ambaye tangu mwaka jana alikuwa amekitolea macho chumba cha klabu akikitaka kiwe stoo ya mahindi, alitangaza kwamba Ijumaa Chepkirui atapokewa rasmi. Upande huu anayepokewa ni mkimbiaji. Anavishwa sinendet shingoni, ule mmea mtambaazi wa washindi, ananyweshwa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, na watu wanasukumana wapigwe naye picha. Kumpokea hivyo mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti hakukuwa kumewahi kuonekana, lakini wazee walikubaliana kwamba hata kukaa kunataka pumzi. Mama yake, Rebeccah, alikuwa ameshaweka maziwa kwenye kibuyu yagande.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa. Ukurasa ukikubaliwa, jina la Chepkirui litaandikwa huko mbali na chumba kitabaki cha klabu. Ukikataliwa, mahindi yataingia na Mwalimu Ogoti atatoka na kisanduku chake. Na ukurasa wenyewe ulikuwa umesimama juu ya neno moja ambalo yeye alilitoa kichwani.

Jumatano alipata wazo ambalo lilimtuliza kwa nusu saa nzima. Aliamua kuzunguka. Ndiyo, siku nne baadaye, lakini watu wana kumbukumbu. Akiuliza mlango kwa mlango, na kila mmoja akimwambia kwamba Jumamosi saa nne hakuwasha kitu, basi lile neno litakuwa kweli, na hakuna atakayekuwa amedanganywa. Mtu mwenye hofu hujitungia hesabu za ajabu, na zote zinampa jibu analolitaka.

Alianzia kwa mzee Aron, mwenye ng'ombe watatu na mashine ya petroli ya kukatia nyasi za nepia. Alimuuliza vizuri tu. Mzee Aron akataka kujua ni kwa nini, naye Chepkirui, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kueleza mambo kikamilifu, akaeleza: mashine ikiwa iliwaka saa ile, basi sauti ile huenda si ya jua, na kila kitu kitafutwa. Hapo ndipo alipokosea. Mzee alimtazama, akaitazama mashine, akawatazama ng'ombe waliokuwa wakitafuna nepia iliyokatwa vipande vilivyolingana kama vya kupimwa.

"Mimi hiyo Jumamosi nilikata na panga," akasema.

"Yote, mzee?"

"Yote. Kipande kwa kipande."

Habari ilimtangulia njiani. Mwenye kinu cha posho alisema Jumamosi hakukuwa na stima, ilhali Chepkirui mwenyewe alikuwa amekula ugali wa unga uliosagwa siku hiyo. Mtengenezaji wa pikipiki alidai alikuwa Chebunyo wiki nzima kwenye matanga, na alipoulizwa ni matanga ya nani, alikohoa. Hata mwanamke mmoja asiyekuwa na mashine yoyote maishani alimwita kutoka shambani kumhakikishia kwamba hakuwasha kitu. Kila mtu alimpenda. Kila mtu alimdanganya. Jioni alirudi nyumbani na orodha ndefu ya hakuna, na asiweze kuamini hata moja. Sasa aliogopa kuliko Jumanne, maana Jumanne angalau alikuwa anaogopa peke yake.

Dolphine alimwambia aache kuchokoza nyuki. Ukurasa ulikuwa umeandikwa, sahihi ilikuwepo, na sahihi hiyo ilikuwa yake, asisahau. Alisema hivyo kwa upole, lakini macho yakiwa chini.

Alhamisi Mwalimu Ogoti alimwita amsomee maelezo aliyotaka kuyatuma pamoja na picha. Alikuwa ameandika kwamba fundi pekee wa kuchomelea katika eneo hili ni mzee wa kanisa anayeitunza Sabato, na kwamba yeye mwenyewe, mwalimu, alimwona kanisani asubuhi hiyo, wakati wa kufungua ibada na tena wakati wa mahubiri. Chepkirui aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu muda wa katikati. Mwalimu alijibu bila kuinua kichwa kwamba katikati yeye hufundisha vijana kwenye darasa la nyuma, kisha akaendelea kurekebisha koma. Katika kuzunguka kwake kote Chepkirui hakuwa amepita kwa Momanyi, na sasa alijua ni kwa nini.

Baada ya masomo alikwenda. Momanyi alikuwa amechutama nje ya karakana, akipaka lango rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Hakushangaa kumwona.

"Umeuliza kila mtu, ukaniruka mimi," alisema.

Chepkirui alijaribu kumwambia kwamba hakuona haja, kwa kuwa kila mtu anajua Jumamosi yeye hafanyi kazi. Momanyi aliweka brashi juu ya kopo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyatoa haya kama anayeng'oa misumari.

"Lori ya majani ya chai ilivunjika kishikizo cha springi hapo kwa kituo. Imejaa majani ya watu, na jua inapanda. Walikuja kunitoa kanisani. Nikabeba ile mashine ndogo, nikavuta stima kwa duka, nikachomelea. Dakika kumi na tano, labda na kidogo. Nikarudi kwa kiti yangu kabla ya mahubiri."

"Ilikuwa saa ngapi, mzee?"

"Saa nne na kitu."

Kituo cha kupimia majani ya chai kilikuwa chini kidogo ya uzio wa shule, upande unaotazama Soin. Angezunguka siku ile, angemwona kwa macho yake mawili: mzee wa kanisa amevua koti la suti, amepiga goti chini ya lori, cheche zinaruka. Kusingehitajika barua wala orodha. Ingekuwa mstari mmoja kwenye daftari, na watu wangeendelea na maisha yao.

"Sasa niandike nini?" aliuliza Chepkirui.

"Siwezi kukuambia uandike uongo. Lakini karani wa kanisa ni huyo mwalimu wako. Akisoma jina yangu hapo, lazima alete kwa baraza, hana njia. Wataniondoa kwa uzee wa kanisa." Alichukua brashi tena. "Miaka kumi na tisa sijashika rodi siku ya Sabato. Hii moja, sijui kama nilifanya vizuri ama vibaya. Bado naongea na Mungu."

Chepkirui alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili zilizojaa. Akiandika kweli, anamwangusha mzee wa watu aliyeokoa majani ya nusu ya kijiji. Asipoandika, Mwalimu Ogoti atatuma jina la Momanyi kama ushahidi wa uongo, kwa mkono wake mwenyewe, bila kujua. Na vyovyote vile, ile sauti iliyojaza masikio yake, ile aliyoikalia miezi mitano, ilikuwa kwa hakika cheche za springi ya lori. Hilo nalo lilimuuma. Alikuwa amelisikia jua, akalipenda, na halikuwa jua.

Mama yake alikuwa anakamua. Chepkirui alisimama mlangoni mwa banda akamuuliza kama ni kweli lori iliharibika Jumamosi. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo kwa muda.

"Iliharibika," Rebeccah alisema. "Mimi ndiye nilienda kumtoa kanisani."

Mama yake alikuwa amejua tangu Jumatano mchana, habari ya mashine ilipozagaa, na bado alikuwa akikitikisa kile kibuyu kila asubuhi kuona kama maziwa yameshika.

"Majani ingeungua na joto kwa magunia yote," mama aliendelea, bado amempa mgongo. "Ya kwetu, ya kina Dolphine, ya kila mtu. Nilimwita mpaka nje, nikamwomba kama mtoto. Sasa wewe ukienda kumtaja, mimi nitamwangalia na uso gani? Hao watu wako wako mbali, hawatakuja hapa kuuliza. Nyamaza tu, mama. Ijumaa itapita."

Usiku huo usingizi ulimpa mgongo. Ijumaa asubuhi hakuweza kumeza hata kipande cha kiazi.

Mahema yalikuwa yamesimama uwanjani, na fundi wa vyombo alikuwa anahesabu moja, mbili, moja, mbili kwenye kipaza sauti, asifike tatu kamwe. Katika chumba cha klabu Mwalimu Ogoti, amevaa tai, alikuwa amelifungua daftari juu ya meza karibu na dirisha, akitafuta mwanga mzuri wa kupigia picha. Dolphine alisimama mlangoni. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Chepkirui alilitazama lile neno. Wiki nzima alikuwa amezunguka akiwauliza watu waliwasha nini, na watu wakamdanganya, naye akawakasirikia. Na wiki nzima hakuna aliyemuuliza yeye alifanya nini, na hilo ndilo jambo pekee la Jumamosi ile ambalo alilijua bila kuambiwa na mtu.

"Mwalimu, ngoja kidogo."

Alichukua kalamu. Alilikata neno Hakuna kwa mstari mmoja ulionyooka, kama walivyofundishwa, ili lililokatwa lisomeke, na pembeni yake akaandika: Sikuzunguka. Akaweka tarehe ya leo na jina lake lote.

Mwalimu Ogoti alisoma. Alivua miwani, akaivaa, akasoma tena. Aliuliza, polepole sana, kulikuwa na mashine gani.

"Siwezi kuandika mashine, Mwalimu. Sikuwa huko. Ninachojua ni kwamba sikuzunguka, na nikaandika kama nimezunguka."

"Lakini umeuliza watu wiki nzima. Umejua kitu."

"Mimi najua hilo langu tu," alisema Chepkirui, na sasa machozi yalikuwa yanatoka.

Kama Mwalimu alibahatisha jambo, na hakuwa mjinga, hakulisema. Dolphine aliingia kutoka mlangoni, akachukua kalamu mezani bila kuombwa, akaikata sahihi yake. Mstari wake ulienda upogo. Mwalimu Ogoti alifuta maelezo yake yote ya Sabato kwenye simu, akapiga picha ya ukurasa kama ulivyo, akatuma. Alikaa kwenye kile kiti cha zamu, akatazama nyaya za shaba nje ya dirisha, na kwa mara ya kwanza Chepkirui aliona kwamba hata yeye alikipenda kile chumba.

Nje, Madam Janeffer alikuwa ameshaanza kulitaja jina lake kwenye kipaza sauti. Mwalimu aliuliza kama atasema mwenyewe au amsemee. Chepkirui alisema atasema mwenyewe, na mara tu alipolitamka akatamani kulirudisha.

Uwanja ulikuwa mrefu siku hiyo. Mama yake alikuwa mstari wa mbele na kibuyu mapajani, mama mmoja kando yake ameshika sinendet mbichi. Momanyi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na nguzo ya hema. Madam alimpa kipaza sauti huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. Chepkirui alisema kwa Kiswahili cha shuleni, sawasawa na alivyokuwa amekariri njiani, kwamba sauti waliyoinasa hawezi kusema ni ya jua. Sheria ya kazi yao ni kuzunguka. Yeye hakuzunguka, na aliandika uongo, na leo asubuhi ameukata.

Mzee Aron, aliyekuwa amekuja kupiga makofi na hakuwa na nia ya kuyarudisha nyumbani, alipiga makofi, na hema zima likamfuata kwa nguvu, kwa vigelegele, wakimshangilia mtoto wao aliyezungumza vizuri hivyo. Mama yake hakupiga. Momanyi alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili.

Chepkirui alingoja makofi yaishe yote. Kisha akalisema tena, polepole, kwa Kipsigis, lugha ya nyumbani, ili hata mzee Aron asipate pa kujificha.